Kwa nini kadi kubwa ya picha inaweza kuiharibu kazi ya studio

KIJANA anayeanzisha studio ya muziki jijini Arusha hukutana mapema na swali moja la kompyuta: anunue kadi gani ya picha? Ni rahisi kupewa jibu dukani kwamba kadi kubwa ndiyo salama, na kwamba mashine ya kazi nzito haikamiliki bila kadi yenye feni mbili au tatu.

Jibu hilo linamfaa mcheza michezo ya kompyuta na, kwa kiasi fulani, mhariri wa video. Kwa mtayarishaji wa muziki linapotosha, tena linaweza kumgharimu mara mbili. Kwanza atapoteza fedha ambazo zingenunua maikrofoni nzuri. Pili ataathiri sauti yenyewe, kwa kuwa kadi ya picha, au kwa usahihi zaidi programu inayoiendesha, ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana vya mikwaruzo na kukatika kwa sauti wakati wa kurekodi.

Kwa Arusha suala hili si dogo. Huu ni mji uliotoa kundi la X Plastaz, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo lilichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai na kutoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004 kupitia lebo ya Ujerumani. Mwaka 2009 mmoja wa wasanii wake, Gsann, alishiriki kuchana mashairi katika tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani. Wakaja Nako 2 Nako, akaja Joh Makini, na hatimaye kundi la Weusi. Upande wa nyimbo za Injili, Dayosisi ya Kaskazini Kati na Dayosisi ya Meru za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina kwaya kuanzia mjini hadi vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichopo Usa River kimekuwa kikifundisha muziki katika ngazi ya shahada.

Wanaorekodi muziki wa namna hii mara nyingi hawana jengo. Studio ni chumba kimoja Sakina, Ngarenaro, Kijenge au Tengeru, chenye godoro au mablanketi ukutani, maikrofoni kona moja na kompyuta kona ya pili. Katika chumba kama hicho, kila shilingi iliyowekwa mahali pasipo pake huonekana, na kila feni inayozunguka husikika.

Muziki haupiti kwenye kadi ya picha

Kila kompyuta ina sehemu inayochora kile kinachoonekana kwenye skrini. Sehemu hiyo inaweza kuwa imejengwa ndani ya prosesa yenyewe, kama ilivyo katika prosesa nyingi za Intel, au ikawa kadi inayojitegemea iliyochomekwa kwenye mazabodi, yenye kumbukumbu yake, feni yake na mahitaji yake ya umeme. Kwa kompyuta za Windows, watengenezaji wakuu ni Intel, AMD na Nvidia.

Mtu anapofungua FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ambayo wengine bado huiita "Fruity" kutokana na jina lake la awali la FruityLoops, hesabu za biti, mwangwi, sauti za vinanda na uchanganyaji hufanywa na prosesa kwa msaada wa RAM na diski. Cubase na Reaper hufanya vivyo hivyo. Kadi ya picha huchora tu mawimbi ya sauti, vitufe na vipimo vinavyopanda na kushuka.

Skrini ya kawaida yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080 ina pikseli zipatazo milioni 2. Kuchora dirisha la programu ya muziki juu yake ni kazi nyepesi, na sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa ya Intel ya miaka kumi iliyopita huimudu bila shida. Nyimbo zikifika njia 40 na kompyuta ikaanza kukwama, aliyeelemewa kwa kawaida ni prosesa, au ni RAM iliyojaa. Kadi mpya ya picha haitaondoa mkwamo huo hata ikiwa ya bei ya pikipiki.

Ndoo yenye koki

Madhara ya kadi ya picha kwa sauti hutokana na namna kompyuta inavyogawa muda wake. Kompyuta haipeleki sauti kwenye spika tone moja moja. Huikusanya kwa mafungu madogo katika hifadhi ya muda iitwayo bafa, kisha kadi ya sauti huchota humo. Ni kama ndoo ya kunawia mikono yenye koki: prosesa inamimina juu, kadi ya sauti inachota chini bila kusimama. Ndoo ikikauka hata kwa kitambo kidogo, msikilizaji husikia mlio wa "tik" au mkwaruzo.

Ukubwa wa ndoo huchaguliwa na mtumiaji. Sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, hivyo bafa ya sampuli 128 hubeba sauti ya milisekunde 2.9 tu. Bafa ya sampuli 512 hubeba milisekunde 11.6, na ya sampuli 1,024 hubeba milisekunde 23.2. Wakati wa kuchanganya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, ndoo kubwa haina ubaya. Lakini mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni huku akirekodi anahitaji ndoo ndogo, la sivyo sauti yake humrudia ikiwa imechelewa na humvuruga. Kwa mchanaji wa hip hop anayefuata biti ya kasi, ucheleweshaji wa milisekunde 20 au 30 unatosha kumtoa kwenye mstari.

Katika ndoo hiyo ndogo ndipo inapoonekana kazi ya draiva, programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa. Kadi ya picha, kadi ya mtandao, diski na hata kipanya vinapohitaji huduma, humkatiza prosesa kazi aliyokuwa akifanya. Draiva ya kifaa husika hupewa nafasi ya haraka sana, kisha huweka kiporo cha kazi iliyobaki ili kimaliziwe punde. Kiporo hicho kina kipaumbele kuliko programu yoyote ya kawaida, ikiwamo ya muziki. Kikimalizwa upesi, hakuna anayejua kilichotokea. Kikirefuka, prosesa huyo hawezi kumimina chochote kwenye ndoo ya sauti mpaka draiva imwachie.

Mwongozo wa Microsoft kwa waandishi wa draiva unataka kiporo cha aina hiyo kisizidi maikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Draiva inayojichukulia milisekunde nzima imekula theluthi ya muda wote uliopo katika bafa ya sampuli 128. Ikijichukulia milisekunde tatu, ndoo imekauka.

Ndiyo maana kompyuta yenye prosesa ya kasi na kadi ya fahari inaweza kutoa mikwaruzo, ilhali mashine ya ofisi ya miaka minane ikarekodi kwaya nzima bila doa. Mwendo wa wastani wa mashine hausemi lolote juu ya hilo. Kinachoamua ni kuchelewa kwake kukubwa kuliko kote, hata kama hutokea mara moja kwa dakika.

Tatizo hili si la jana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, draiva za baadhi ya kadi za picha zilikuwa zikiing'ang'ania njia ya pamoja ya mawasiliano ndani ya kompyuta ili zipate alama nzuri katika majaribio ya kasi, na kadi za sauti zilizotumia njia hiyo hiyo zikaumia. Studio nyingi za Ulaya na Marekani ziliamua kutumia kadi za kampuni ya Matrox ya Canada, kama G400 ya mwaka 1999 na G450 iliyoifuata. Kwa michezo kadi hizo hazikuwa za kujivunia, lakini zilichora dirisha safi, ziliendesha skrini mbili, na nyingine hazikuwa na feni. Vigezo hivyo vya wakati ule bado vina maana leo.

Hata katika miaka ya karibuni watengenezaji wamekiri kasoro za namna hii. Mwaka 2023, Nvidia ilitoa toleo la marekebisho ya haraka, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ndani yake ni ongezeko la ucheleweshaji huo katika kadi za kizazi cha Ampere, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2020 kwa majina kama RTX 3070 na 3080. Walionunua kadi hizo kwa ajili ya studio hawakuwa wamekosea kuunganisha waya.

Kumtambua mkosaji

Kabla ya kulaumu kadi, inafaa kupima. Programu ya LatencyMon ya kampuni ya Resplendence, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani, huorodhesha draiva zote na muda mrefu zaidi ambao kila moja imejichukulia. Inatakiwa iachwe ikifanya kazi kwa dakika 10 au 15 huku wimbo ukipigwa kama kawaida. Kuipima kompyuta ikiwa imekaa bure hakusaidii sana.

Majina yanayojitokeza juu ya orodha huonekana kama mafumbo, lakini yanasomeka. Faili la nvlddmkm.sys ni draiva ya Nvidia, amdkmdag.sys ni ya AMD, na igdkmd64.sys ni ya Intel. Lile la dxgkrnl.sys ni la Microsoft, nalo hushughulikia picha kwa niaba ya kadi zote. Likitokea ndis.sys, tatizo liko upande wa mtandao, na hapo kuzima Wi-Fi wakati wa kurekodi hutosha mara nyingi. Wapo waliokwisha kubadili kadi ya picha kwa kosa la Wi-Fi.

Mashine za mtumba

Kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya na kwingineko, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zimekuwa mlango wa vijana wengi wa Afrika Mashariki kuingia katika kazi za kompyuta. Kwa muziki ni mashine za kuheshimika. Zilijengwa kufanya kazi kutwa nzima bila kelele, na nyingi hutumia sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa ya Intel. Anayeipata moja yenye prosesa ya i5 au i7 na diski ya SSD, akaiongezea RAM ifike gigabaiti 16, hana sababu ya muziki ya kununua kadi ya picha.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba sehemu ya picha ya ndani haina kumbukumbu yake. Hukopa RAM ya kompyuta. Katika mashine ya gigabaiti 4 mkopo huo huuma, na katika ya gigabaiti 16 hausikiki. Vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa na sehemu ya picha hupata njia mbili za kuchota badala ya moja.

Anayeng'ang'ania kadi kubwa katika mashine hizi hukwama kwenye bati. Zile nyembamba hupokea kadi fupi tu, na pawasaplai zake kwa kawaida hazifiki wati 300 wala hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. RTX 3060, kwa mfano, ina kiwango cha matumizi cha wati 170. Kuibana humo ni kuitafutia mashine kifo.

Zipo sababu halali za kutaka kadi ndogo. Baadhi ya prosesa hazina sehemu ya picha kabisa: za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina ni za aina hiyo, na Ryzen nyingi za zamani za mezani zisizo na herufi G vilevile. Mwingine anataka skrini tatu, au skrini ya 4K yenye pikseli zaidi ya milioni 8, wakati mazabodi yake ya zamani ina tundu la HDMI la kizazi kinachochora 4K mara 30 tu kwa sekunde, kiasi cha kufanya kipanya kionekane kizito. Kabla ya kununua kadi, huyu wa mwisho aangalie kama mashine yake ina tundu la DisplayPort, maana mashine nyingi za ofisi zinalo na huenda likamaliza shida hiyo.

Kwa wanaohitaji kadi kweli, GT 1030 ya Nvidia hutumia wati 30 na hupatikana kwa umbo fupi na bila feni. GTX 1050 Ti hutumia wati 75 na kwa kawaida hulishwa na mazabodi pekee. Kadi hizi mbili ni za kizazi cha Pascal, na Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kizazi hicho pamoja na kilichokitangulia cha Maxwell, chenye kadi kama GTX 750 Ti, kingepata draiva ya mwisho ya kawaida Oktoba 2025, na kuanzia hapo marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. Kwa mcheza michezo hiyo ni habari mbaya. Kwa studio, draiva iliyoacha kubadilika ina faida yake, ilimradi mashine haitumiki kuzurura kwenye intaneti.

Feni, UPS na saa za kazi

Jiji la Arusha liko katika mwinuko wa takriban meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inajulikana. Ni mahali panapovumilia kompyuta isiyo na feni nyingi kuliko Dar es Salaam. Maikrofoni ya aina ya kondensa, inayopendwa kwa sauti za uimbaji, huokota muungurumo wa feni ulio meta mbili kutoka ilipo, na muungurumo huo hauondoki kirahisi baada ya kurekodi bila kuchubua sauti ya mwimbaji. Kadi kubwa hupiga feni kwa nguvu hasa inapopata joto, yaani katikati ya kazi.

Umeme nao una neno lake. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha, likiwa limeundwa kwa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na mgawo wa mwaka 2023 ukabaki nyuma. Hata hivyo, kuzalisha na kufikisha ni mambo mawili. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini, akitaja umeme mwingi unaopotea njiani katika safari ndefu ya kuufikisha kanda hiyo. Mwenye studio anayeijua taa inayopepesa saa mbili usiku hahitaji kuelezwa zaidi.

UPS ndogo ya VA 650, inayotumika sana, kwa kawaida hubeba betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7, ambayo ni takriban wati-saa 84 ikiwa mpya. Kompyuta ya ofisi pamoja na skrini, ikitumia wati 80, hupata muda wa kumaliza ubeti, kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Mashine yenye kadi kubwa inayovuta wati 300 hupewa dakika chache, na betri ikizeeka hata hizo hazipo. Tofauti ya wati 100 kwa saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 20.8. Kwa wanaorekodi kwa nguvu za sola juu ya mteremko wa Meru, hesabu hiyo ndiyo huamua kama kipindi cha mchana kitafika mwisho.

Kuichunga draiva

Kadi ikishapatikana, kazi iliyobaki ni draiva, na hapa makosa mengi hufanywa kwa nia njema. Mtu huambiwa kwamba draiva mpya ni bora kuliko ya zamani. Katika studio, draiva bora ni ile iliyopimwa na kuonekana imetulia, na haibadilishwi katikati ya albamu.

Nvidia hutoa matoleo ya aina mbili kwa kadi zile zile. Moja ni la michezo, linalobadilika mara kwa mara kufuata michezo mipya. La pili, lililoanza mwaka 2019 na kuitwa Studio, hupimwa na programu za ubunifu na hutoka kwa nadra zaidi. La pili ndilo la kuchagua, ingawa jina lisimdanganye mtu: msingi wa programu hizo ni mmoja, na kasoro ya ucheleweshaji ikiwamo katika moja inaweza kuwamo katika nyingine. Kipimo cha LatencyMon ndicho hakimu.

Wakati wa kuweka draiva, inafaa kuchagua usanikishaji wa kuteua vipande na kuacha vya ziada. Kipande cha sauti ya HDMI hakina kazi kwa mtu mwenye kadi ya sauti ya nje, na huongeza kifaa kimoja zaidi cha sauti kinachoweza kuichanganya Windows. Programu za kusimamia michezo na kurekodi skrini ziachwe pia. AMD nayo huruhusu kuweka draiva peke yake.

Kadi za Nvidia hubadili kasi yake ili kuokoa umeme, na kupanda na kushuka huko huweza kuzaa ucheleweshaji. Katika mipangilio yake ya usimamizi wa nguvu kuna chaguo la kuipa kadi utendaji wa juu wakati wote. Likiwekwa kwa programu ya muziki pekee, kadi hutulia. Laptopu zenye kadi mbili za picha, ya Intel na ya Nvidia, hukumbwa na jambo kama hilo zinapohama kutoka moja kwenda nyingine. Kuizima ile ya Nvidia kwenye orodha ya vifaa ya Windows kabla ya kurekodi, kisha kuiwasha baadaye, hakugharimu kitu.

Windows yenyewe hupenda kubadili draiva bila kuuliza. Inaweza kuzuiwa katika mipangilio, na ni vyema kuhifadhi kwenye flashi faili la draiva iliyokwisha kuthibitishwa. Pale inapolazimu kuanza upya, programu ya Display Driver Uninstaller huondoa mabaki ya draiva ya zamani, hasa kwa mtu aliyehama kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume chake. Ikumbukwe pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Wanaotumia kompyuta za Apple zenye chipu za M1, zilizoanza Novemba 2020, wameepushwa na sehemu kubwa ya shughuli hii, kwa kuwa sehemu ya picha imo ndani ya chipu na draiva huja na mfumo wenyewe. MacBook Air ya aina hiyo haina feni kabisa. Gharama yake iko kwenye RAM, ambayo haiongezwi baada ya kununua. Kwa wachache wanaotumia Linux, picha za Intel na AMD huendeshwa na draiva zilizomo ndani ya mfumo, na ndizo zenye usumbufu mdogo.

Inapofaa kuwa kubwa

Studio ya leo haiuzi sauti peke yake. Kwaya inayorekodi albamu hutaka na video ya YouTube, na mteja wa Bongo Fleva vilevile. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kurekebisha rangi za video, hutegemea sana kadi ya picha yenye kumbukumbu yake. Programu mpya za akili bandia zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na ala kutoka kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa, kama Demucs, nazo hukimbia zaidi kwenye kadi ya Nvidia kuliko kwenye prosesa.

Mwenye kazi hizo kila wiki ana haki ya kununua kadi kubwa. Ambaye huhariri video mara moja kwa mwezi akumbuke kwamba prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 zina sehemu ya kukandamiza video, na kwamba kuiacha mashine ikihariri usiku kucha ni bei nafuu. Penye uwezo, njia safi ni mashine mbili: ya video yenye kadi na feni zake chumba cha pili, na ya sauti iliyo kimya kando ya maikrofoni.

Anayeamua kununua kadi iliyotumika ajihadhari na mambo mawili. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha mfumo wa uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni, na feni zake ndizo huchoka kwanza. Pia zimekuwapo kadi bandia, ambapo kadi ya zamani kama GTX 550 Ti huandikwa upya ndani ili Windows iitambue kama GTX 1050 Ti. Programu ndogo ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe, na tangu mwaka 2018 imekuwa ikiweka alama ya onyo kwenye aina nyingi za bandia hizo.

Ni programu inayotosha kwenye flashi. Muuzaji aombwe aichomeke kadi kwenye mashine yake, GPU-Z isomwe mbele ya mteja, na kadi iachwe ikifanya kazi kwa robo saa huku sikio likiwa karibu na feni, kabla fedha hazijabadili mikono.